Usubi wa mikokoni wananila, na nyumbani wanadhani nina upele

Assalaam aleikum, mama. Shikamoo.

Mimi ni fundi wa mashua, umri wangu miaka 34, nina mke na watoto wawili. Ufundi huu niliupata kwa babu yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, na kwa miaka mingi tulifanyia kazi ufuoni penye upepo. Mwaka jana tajiri wetu akahamisha shughuli, tukaja huku Mikindani ya Mombasa, ukingoni mwa mkono wa bahari wa Tudor. Kwa kazi yenyewe ni mahali pazuri. Mashua zinaingia na maji makubwa, maji yakipwa zinabaki zimelala juu ya tope, nasi tunashuka chini kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, kung'oa mbao zilizooza na kuchoma tumbo la mashua kwa makuti kabla ya kupaka. Ila mikoko iko hatua ishirini tu kutoka tulipo.

Mama, usubi watanimaliza. Ni weusi, wadogo kuliko chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Unasikia moto kwenye ngozi kabla hujaona kitu. Jua la mchana hatuliwezi, kwa hivyo tunaanza baada ya swala ya alfajiri, tunapumzika, kisha tunarudi alasiri mpaka magharibi. Saa hizo mbili ndizo zao. Upepo ukilala kidogo tu, nasikia shingo, masikio na mikono inawaka. Usiku nakuna mpaka damu itoke. Mikono yangu sasa imejaa madoa meusi na vidonda, lakini kifuani na mgongoni sina hata kimoja.

Mke wangu ameona madoa yale akasema ni upele, huenda nimeutoa kwa wenzangu. Tangu mwezi uliopita analala na watoto chumba kingine. Hajanitukana wala hajanisema vibaya, lakini najua anaogopa. Mtoto wangu wa miaka miwili naye hanikaribii kwa sababu ya harufu, maana najipaka mafuta ya taa mikononi na shingoni kila ninapokwenda kazini. Mzee mmoja pale ndiye aliyenifundisha. Kwa nusu saa yanasaidia, kisha wanarudi. Ngozi ya shingo imeanza kumenyeka.

Nilikwenda zahanati nikapewa vidonge vya mwasho, Piriton. Nikameza asubuhi, na saa 4 nikasinzia juu ya jukwaa na tezo mkononi. Mwenzangu ndiye aliyenidaka. Nikivaa mikono mirefu, msimamizi ananicheka mbele ya vijana, eti nimekuwa bibi arusi. Wengine wanasema nina damu tamu, kwa hivyo nivumilie.

Nimezidi kuingiwa na hofu kwa sababu shangazi yangu aliye Tanga amenipigia simu akaniambia usubi hupofua macho, kwao watu wamepofuka. Tena mwezi jana kijana anayejifunza kwetu alishikwa na homa, viungo vikamuuma asiweze kushika nyundo, na kila mtu akasema ni usubi. Sasa wako wanaotaka tumwage oili chafu kwenye tope, au tufyeke mikoko ya upande wetu.

Niambie, mama. Kuna dawa gani? Au niuache ufundi wa babu yangu nikatafute kazi nyingine mjini?

Fundi, Mikindani

*

Mwanangu, aleikum salaam. Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale: unajipaka mafuta ya taa shingoni na mikononi, kisha unashika makuti yanayowaka na kuchoma mashua. Hilo ndilo lililonifanya niijibu barua yako kabla ya zile zilizotangulia. Usijipake tena. Si kesho, ni leo. Mafuta yale yakilowa kwenye ukosi na mikono ya shati, cheche moja inatosha. Nimekaa wodini na watu walioungua, na sitaki nikuandikie kuhusu jambo hilo baada ya kutokea.

Hata pasipo na moto, mafuta ya taa si kitu cha kupaka mwilini. Yanayeyusha mafuta ya asili ya ngozi, ngozi inakauka, inapasuka, na yakibanwa chini ya nguo yanaunguza kama maji moto. Huko kumenyeka kwa shingo yako si kazi ya usubi, ni kazi ya mafuta ya taa uliyofundishwa na yule mzee. Ngozi iliyopasuka inawasha zaidi, unaikuna zaidi, na uchafu wa tope unapata mlango. Osha shingo kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, upake mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi, uiache ipone. Shati ulilozoea kulivalia mafuta hayo lifue peke yake mara mbili, ulianike nje. Ukilinusa na bado linanuka taa, usilivae kwenye moto.

Sasa nikutoe hofu, nianze na macho yako. Shangazi yako hakukudanganya, ila neno moja limebeba wadudu wawili. Tanzania huita usubi ugonjwa unaoweza kupofua, na ni kweli umesumbua watu sehemu za Mahenge, Tukuyu, Ruvuma na milima ya Tanga. Huenezwa na inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo, ambaye mabuu yake hayawezi kuishi ila kwenye maji matamu yanayokwenda kasi, kwenye mawe ya mito ya milimani. Huku kwenu maji ni ya chumvi, yanapanda na kushuka, na chini ni tope. Anayekuuma wewe ni mdudu wa tope la mikokoni, wa ukoo mwingine kabisa. Ana urefu wa milimita 1 hadi 3. Madaktari wa mifugo wanamjua zaidi kuliko sisi wa hospitali za watu, maana jamaa zake hueneza maradhi kwa kondoo na farasi. Kwako wewe hapo Mikindani shida yake ni mwasho, na vidonda unavyojifanyia kwa kucha. Si shida ndogo, lakini si upofu.

Na upele? Umenipa jibu mwenyewe bila kujua, uliposema kifuani na mgongoni huna hata doa moja. Usubi hatoboi kwa mrija mrefu kama mbu. Anakata ngozi kwa vijimeno kama mkasi, kisha analamba damu inayotoka, ndiyo maana unasikia moto. Midomo yake mifupi haiwezi kupita nguo nzito, kwa hivyo madoa yake huishia pale shati lilipoanzia. Upele wa kuambukizana haujali shati. Huingia katikati ya vidole, vifundo vya mikono, kiunoni, sehemu za siri, huwasha zaidi usiku ukiwa kitandani, na kwa kawaida baada ya wiki chache na wa nyumbani huanza kujikuna. Miezi yote hii hukuniandikia kwamba mkeo au watoto wanajikuna. Usiku wa leo kaa na mama watoto penye taa, vua shati, mwonyeshe mstari huo mkononi, madoa yalipokoma. Usimlaumu kwa kuogopa. Alikuwa akiwakinga watoto. Na kama bado mna shaka, nendeni pamoja mkaonwe ngozi. Jambo hili likisemwa na mganga mbele yenu wote wawili litamtua mzigo kuliko maneno yako.

Kuhusu damu tamu, mwanangu, hakuna. Anayeuma ni jike tu, anatafuta damu ili mayai yake yakomae, na anakufuata kwa pumzi unayotoa, kwa joto la mwili na kwa harufu ya jasho. Mtu anayepiga nyundo anahema kuliko aliyeketi. Kisha ngozi za watu hazifanani: mwenzako huenda ameumwa sawa nawe, lakini mwili wake hauvimbi. Usimruhusu mtu yeyote akuambie uvumilie kwa sababu ya damu yako.

Umeuliza kuna dawa gani. Dawa zipo na nitazitaja, lakini ningependa uziweke nyuma. Mdudu huyu anashindwa kwanza na upepo, kisha nguo, kisha saa ya kazi. Mwenye kutegemea chupa peke yake ataumwa tu.

Upepo ukizidi kidogo mwendo wa mtu anayekimbia polepole, usubi hawezi kuruka, anajificha majanini. Ndiyo maana kule ufuoni mlikuwa salama. Mchana upepo wa bahari unavuma, usiku unageuka kutoka bara, na katikati ya mageuzi hayo, alfajiri na magharibi, hewa inasimama. Saa mlizochagua kulikimbia jua ndizo hasa hewa inaposimama. Siku za kusi, upepo wa kusini, mtapata nafuu, siku za tangambili, pepo zinapobadilishana, ndizo mbaya. Nakuuliza hivi: banda lenu mmelifunga makuti pande zote? Mafundi wengi hufanya hivyo kwa ajili ya kivuli. Kama ndivyo, fungueni upande wa kusi na upande unaoutazama huo, mwache paa tu. Kivuli kitabaki na hewa itapita. Kisha pandisheni juu, kwenye ardhi kavu yenye upepo, kila kazi isiyohitaji tope: kupima mbao, kupasua, kupiga randa, kusokota pamba ya kalafati. Tope muliendee kwa kazi ya tope tu. Feni nayo inasaidia sana, hata ndogo ya betri ikielekezwa shingoni na mikononi. Msitandaze waya za umeme wa nyumbani kwenye maji ya chumvi.

Kuhusu saa, wewe unayajua maji kuliko mimi, lakini nikukumbushe jambo ambalo marehemu baba yangu, aliyekuwa baharia, alikuwa akituhesabia kwa vidole. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hapa Mombasa maji hupwa kabisa kwenye saa 4, saa 5 asubuhi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kupwa kunasogea karibu na alfajiri na jioni. Maana yake, kazi ya tumboni mwa mashua ikipangwa siku za bamvua, mtaifanya jua likiwa juu na upepo ukivuma, saa ambazo usubi wamelala. Jua mtalishinda kwa turubai lililotandazwa juu ya mashua na kwa maji ya kunywa ya kutosha. Siku za maji mafu fanyeni kazi za juu. Haitawezekana kila mara, najua, mwenye mashua anataka chombo chake. Lakini hata mkiokoa nusu ya magharibi zenu, mikono yako itapata nafasi ya kupona.

Chukua daftari vilevile, uandike kila siku: upepo, maji, na uliumwa vipi. Huko Darwin, kaskazini mwa Australia, ambako kuna mikoko kama yetu, wametazama jambo hili kwa miaka mingi wakaona usubi wao hufuata mwezi na maji, mpaka watu hupewa kalenda ya siku mbaya. Wa kwenu huenda wana utaratibu wao. Baada ya miezi mitatu daftari lako litakuambia kitu ambacho hakuna duka la dawa litakuambia.

Nguo. Shati la mikono mirefu la kitambaa kilichofumwa vizuri, kaki au jinzi nyepesi, la rangi ya mchanga au kijivu hafifu. Nyeusi na buluu iliyoiva huwavuta. Liwe pana, lisishike ngozi. Funga vifungo vya mkononi, ukosi uinue. Suruali iingie ndani ya soksi ndefu au gambuti. Kichwani vaa kofia yenye ukingo, na shingo uifunike kwa kitambaa chepesi kinachoshuka kutoka chini ya kofia. Wengine hukata chandarua cha kitandani wakajifunika uso, kisha wanashangaa wanaumwa. Chandarua cha mbu kina matundu yanayompitisha usubi. Kitambaa cha shifoni kinamzuia, na unaona kupitia kwake. Lakini sikiliza: unaposhika grainda, keekee ya umeme au moto wa makuti, kivue kitambaa chochote kinachoning'inia. Mashine haisamehe kitambaa.

Msimamizi wako ningependa asome hapa. Ndugu yangu, huyo unayemcheka karibu aanguke kutoka jukwaani na tezo mkononi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri nchini Kenya ahakikishe usalama, afya na maslahi ya wote wanaofanya kazi kwake. Shati la mikono mirefu ni vazi la kazi kama kofia ya chuma bandarini. Na wewe mwanangu, mwendee tajiri ukiwa na wenzako wawili watatu, msiende kulalamika, nendeni na hesabu: turubai, mashati, chupa ya dawa, na siku ngapi za kazi zimepotea kwa homa na vidonda. Tajiri huielewa lugha hiyo.

Sasa dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu. Kwenye duka la dawa uliza yenye DEET ya asilimia 20 hadi 30, au yenye ikaridini ya asilimia 20. Iliyotengenezwa kwa mkaratusi wenye harufu ya limau nayo hufaa, ingawa huisha mapema. Paka sehemu zilizo wazi tu, usipake chini ya nguo, wala kwenye vidonda, wala karibu na macho na midomo. Shingo yako isipakwe kitu mpaka ngozi ifunge. Ukitumia mafuta ya kujikinga na jua, hayo yatangulie, dawa ije juu yake. Jasho na maji huiondoa, kwa hivyo paka baada ya udhu wa alasiri, si kabla. DEET huyeyusha plastiki, basi futa viganja kabla ya kushika miwani au simu. Ukirudi nyumbani oga kwa sabuni kabla hujambeba mtoto. Atarudi mapajani kwako harufu ya taa ikiondoka. Watoto hawana kinyongo.

Iko pia dawa ya kulowesha nguo, permethrini, ambayo hubaki kitambaani hata baada ya kufuliwa mara kadhaa. Ni nzuri, lakini inaua samaki na kaa. Wewe unafanya kazi majini, kwa hivyo nguo zilowekwe na kukaushwa mbali na bahari, na maji yaliyobaki yasimwagwe mikokoni.

Mama zetu walikuwa wakipaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na mafuta ya mwarobaini. Siyadharau. Mafuta mazito humtatiza mdudu mdogo namna hii, na mwarobaini una kemikali zinazowachukiza wadudu. Kinga yake ni ya muda mfupi, unapaka tena na tena, na si kinga ya kutegemea dhidi ya mbu wenye maradhi. Ila kama mfukoni hamna kitu, hayo ni bora mara mia kuliko mafuta ya taa. Moshi wa makumbi nao huwafukuza wanapokaa kimya, lakini kuuvuta kila siku kunaharibu kifua. Wekeni upande upepo unakotoka, mbali kidogo, msiketi juu yake.

Vidonda ulivyo navyo: osha kwa sabuni na maji baridi, weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika kumi, kisha losheni ya kalamini. Pale palipovimba sana bila kuchubuka, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache tu. Kata kucha. Hiyo Piriton si mbaya, ni saa yake iliyokosewa: hulevya usingizi, basi isimezwe na mtu anayepanda jukwaa. Muulize mfamasia kuhusu setirizini, ambayo kwa wengi hailevyi sana, na uimeze usiku. Kidonda kikianza kutoa usaha, kikiwa na joto, kikienea au kikikuletea homa, nenda ukatibiwe siku hiyo hiyo. Kwenye ngozi zetu nyeusi usisubiri kuona wekundu, utaona weusi uliokolea au zambarau, na utasikia joto ukigusa.

Nimeliacha la yule kijana mpaka hapa kwa sababu nataka mlisome polepole. Homa ya ghafla pamoja na viungo kuuma hata mtu asishike nyundo, hiyo siyo alama ya usubi. Mombasa tumeshapata chikungunya mwaka 2004, tena mwishoni mwa 2017 na kuingia 2018, na kidingapopo, yaani homa ya dengue, mwaka 2013. Neno chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, la kujikunja, kwa namna mgonjwa anavyokunjika kwa maumivu. Yote mawili huletwa na mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, na huyo hazaliwi kwenye tope la chumvi. Huzaliwa kwenye maji safi yaliyosimama: pipa lisilo na mfuniko, tairi, ndoo ya rangi, na mashua kuukuu iliyojaa maji ya mvua. Zungukeni karakana kila wiki, mwage kila kilichotuama, mashua zisizotengenezwa zipinduliwe au zifunikwe. Na mwenye homa ya namna hiyo apimwe, malaria pia ipimwe, na mpaka ajulikane anaumwa nini ameze paracetamol tu. Aspirini na ibuprofen zaweza kumletea mtu wa kidingapopo kutokwa na damu.

Oili chafu msimwage. Tope la mikoko haliwi safi kwa ndoo mbili za oili. Utaua kaa, utaua vifaranga vya samaki, na usubi watatokea hatua mia mbele. Wazee wa Makupa, hapa hapa Mombasa, wanakumbuka mwaka 1988 mafuta yalipomwagika pale, mikoko ikasimama mikavu kama kuni. Kufyeka nako hakufai. Mabuu ya usubi yamo topeni, si kwenye matawi, na tope litabaki. Isitoshe wewe ni fundi wa mashua, mwanangu. Mataruma ya mashua za babu yako, zile mbavu za mbao, yalitoka wapi kama si mikokoni?

Basi ufundi usiuache kwa ajili ya usubi. Ukifungua banda, ukageuza saa, ukavaa shati lako na bado mikono haiponi, hapo tutazungumza habari nyingine. Niandikie baada ya bamvua mbili, uniambie daftari limesema nini, na kama mama watoto amerudi chumbani.